Baleti ya Nabwile

Asubuhi, kwenye vumbi la ghala la mahindi mjini Kitale, kulikuwa na alama za vidole vya miguu. Vidole tu (vyangu mimi sijaviona tangu nipate kitambi). Kisigino hakuna.

"Panya," akasema Hillary, tajiri mwenye ghala na kampuni ya baleti, dansi ya ncha za vidole, iliyocheza humo.

"Panya gani huyo anacheza baleti, bosi?" akauliza Phelista, mwalimu wa wasichana.

Ilikuwa 2006, siku ya sherehe ya kampuni. Jioni Hillary angewasomea wageni historia ya kampuni. Mchana akaijaribu mbele ya wachezaji.

"Mimi, kwa pesa zangu, nilianzisha..."

Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa ghalani. Lenah, msichana aliyekuwa akifunga kiatu, akainuka kwenye ncha za vidole.

"Lenah, shuka," Phelista akanong'ona.

"Mwalimu, siwezi. Kuna mtu amenishika kwapani."

"Ni utoto tu huo," Hillary akasema, akaendelea kusoma, na kila alipotamka "mimi" Lenah akavutwa juu zaidi, akizunguka, akizunguka, vifundo vikialika kama kuni kavu, damu ikipenya kwenye kiatu, wenzake wakijibana ukutani bila hata mmoja kuthubutu kulia kwa sauti.

Phelista akamwita Maalim Muhdhar kutoka msikiti wa jirani. Akasoma dua mpaka jasho likamtoka, kisha akauliza, "Wewe ni nani?"

Mdomo wa Lenah ukafunguka. Sauti haikuwa yake.

"Muulize Hillary! Nani aliwafundisha wasichana baleti kanisani Kamukuywa kabla pesa yake haijafika? Nani alifukuzwa pesa ilipofika? Nani alizikwa Matulo, na yeye na maghala yake yote hakutuma hata debe la mahindi?"

"Nabwile," Phelista akasema, akiitambua dawa ya miguu ya yule marehemu. "Mtaje, bosi!"

"Ati nimtaje mfagiaji wa kanisa?"

"Mfagiaji? Wewe mwizi! Si unaona mtoto anakufa? Mtaje!"

Hillary akashusha karatasi. "Nabwile... ndiye alianzisha."

Lenah akaanguka mikononi mwa Phelista, akilia, mzima.

"Na jioni useme hivyo hivyo," Maalim akaonya. "Hajaondoka. Amekuachilia tu useme."

Jioni Hillary akasimama mbele ya wageni kwa suti mpya. Akamtazama Phelista, akatabasamu.

"Mimi, kwa pesa zangu..."

Harufu ya dawa ya kuchua ikafika viti vya mbele. Phelista akamshika Lenah mkono, akatazama viatu vya Hillary.

Visigino vilikuwa vimeacha sakafu.