Kishona Nguo cha Pembe Nne

Maiti ya Thuo ilikutwa alfajiri ya Jumanne kando ya reli, Soweto West, Kibera. Alilala kifudifudi, kisogo kimepasuka, suruali yake imejaa mbegu zinazonata za kishona nguo, gugu liitwalo pia blackjack, kuanzia pindoni hadi magotini. Damu iliyokuwa chini ilikuwa kidogo mno kwa jeraha kubwa namna ile, lakini asubuhi hiyo hakuna aliyelijali hilo.

Polisi walimjali Alvin. Alikuwa mpangaji wa Thuo, msukuma mkokoteni, na wiki iliyopita walikuwa wametukanana mbele ya watu kwa sababu ya choo kilichotiwa kufuli. Alikamatwa chumbani kwake, hatua mia moja tu kutoka relini. Soksi zake nazo zilijaa mbegu.

"Madam, kesi imejifunga yenyewe," Konstebo Wepukhulu alimwambia Inspekta Ndinda. "Marehemu ana blackjack, mshukiwa ana blackjack. Walikuwa mahali pamoja."

"Nairobi nzima ina blackjack."

"Lakini si Nairobi nzima iligombana na marehemu."

Ndinda aliagiza mbegu za kila mmoja zitiwe katika mfuko wake. Kesho yake saa nane mchana Alvin angefikishwa mahakamani kwa mauaji.

Asubuhi ya Jumatano, Katunge, mama yake Alvin, alileta nguo safi kituoni. Mama huyu huuza mboga za kienyeji mtaani Kawangware, kwenye kituo cha 56. Huzichuma kwa mikono yake mwenyewe, na majani machanga ya kishona nguo ni mojawapo. Alimkuta Ndinda amekodolea macho mifuko miwili ya vielelezo mezani, mmoja umeandikwa soksi, mwingine suruali.

"Hizi si za mmea mmoja," Katunge alisema.

"Mama Alvin, usiguse."

"Sigusi, naangalia tu. Hii ya soksi ni ile ya hapa reli. Hii ingine mmetoa wapi?"

Ndinda alichukua kioo cha kukuzia. Mbegu za soksi zilikuwa na pembe mbili, chache tatu. Za suruali ya marehemu zilikuwa na nne. Moja isingethibitisha kitu, kwa hiyo alihesabu hamsini kutoka kila mfuko. Karibu zote zilisema jambo lile lile.

"Hata maua si sawa," Katunge aliendelea. "Ya reli ni nyeupe, ama haina petali kabisa. Hiyo ingine ni ya manjano, na majani yake yamekatika-katika. Watu wanadhani ni kitu kimoja kwa sababu hawapiki."

"Hii ya manjano unaichuma wapi?"

"Nilikuwa nachuma Kongo, hapo Kawangware, kwa ploti ya akina Thuo, pale kwa kaburi la mama yao. Dedan akanifukuza."

Dedan alikuwa mdogo wake marehemu.

Mama anaweza kusema lolote kumwokoa mwanawe, na Ndinda alilijua hilo. Kwa hiyo alianza kwa kuikagua reli pamoja na Wepukhulu, kichaka kwa kichaka. Hawakuona ua hata moja la manjano. Ndipo wakaenda Kongo.

Kaburi lilikuwa nyuma ya vyumba vya kupanga. Nusu yake ilikuwa safi. Nusu nyingine ilifunikwa na kishona nguo chenye maua ya manjano. Kando palikuwa na rundo la magugu yaliyonyauka, na mchanga mpya uliomwagwa bila sababu. Wepukhulu aliufukua kwa uangalifu. Chini yake palikuwa na damu iliyokauka.

Dedan alisimama mlangoni, kando ya pikapu, akiwatazama.

"Pikapu hiyo ni yako?" Ndinda aliuliza.

"Yangu."

"Fungua nyuma."

Hakufungua. Aliketi chini.

"Alitaka kuuza ploti, afande. Mnunuzi alisema kaburi litolewe kwanza. Jumatatu jioni nikampata hapa amepiga magoti, ana jembe, anachimba. Nikajua ameanza kumtoa mathe. Nikachukua jiwe."

"Na Kibera?"

"Nilimpeleka usiku na pikapu. Nilijua wamekosana na Alvin. Na reli iko na blackjack pia. Nikaona hamtauliza mara mbili, ni boy wa Kibera tu."

Maneno hayo yalimchoma Ndinda, kwa sababu yalikaribia kuwa kweli. Alipiga simu kituoni.

"Mtoeni Alvin. Mama yake mpeni kiti, na mumwombe msamaha."

Kisha akamgeukia Dedan.

"Simu ya mwisho ya kaka yako ilikuwa kwa mnunuzi. Nilimpigia jana. Thuo alimwambia ploti haiuzwi tena."

Dedan aliinua kichwa.

"Hakuwa anachimba," Ndinda alisema taratibu. "Alikuwa anapalilia. Alikuwa amefika nusu."

Dedan alilitazama lile rundo la magugu, kisha akalia kwa sauti. Alipotulia aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kumalizia nusu iliyobaki kabla ya kutiwa pingu. Ndinda alimhurumia, lakini alimkatalia. Magugu yale sasa yalikuwa kielelezo cha mahakama.