Upande wa Kulia

— Weka saini hapo chini, Msumari wangu, mambo yaishe.

Alinisogezea kalamu na karatasi ya makubaliano ya kampuni. Msumari ni mimi. Jina alinipa yeye, maana kiwanda cha misumari ndicho kilichonilisha tangu nimalize shule. Yeye ni karani wa ofisi ya wafanyakazi hapo hapo kiwandani. Asubuhi ndiye aliyenikabidhi barua ya kupunguzwa kazini, jioni kaja nyumbani kama mchumba. Na shingoni bado kavaa kitambulisho cha kampuni!

— Nikisaini napata nini?

— Mishahara sita kwa mpigo. Harusi tunafanya, na kodi ya nyumba tunalipa.

— Na nisiposaini?

— Watakuzungusha mpaka uchoke. Wenzako wote wameshasaini.

— Hapa wameandika naondoka na afya njema, wala sitadai chochote baadaye. Na sikio langu?

Akatazama pembeni. Sikio langu la kushoto limekufa taratibu kwenye mashine ya kupiga vichwa vya misumari, huku tukiahidiwa vizibo vya masikio kila mwaka. Niliwahi kulalamika kwa msimamizi, akaniambia nikayasafishe.

— Kwenye faili lako halimo, alisema.

— Sijauliza faili. Nakuuliza wewe.

— Mimi ni karani tu, mpenzi.

Mama akachungulia kutoka jikoni.

— Baba, chai tayari. Nimimine ya karani au ya mkwe?

Mchumba wangu alipokea kikombe. Alikunywa chapuchapu, akaaga. Hata hajafika kwao, simu yangu ikalia.

"Saini tu, nakuomba."

Kidogo tena: "Usisaini kwanza."

Nikiwa bado natafakari: "Achana na hiyo ya pili."

Jamani, hapo mtu ashike lipi? Nampenda yule mwanaume, hilo sifichi. Lakini nikisaini ndiyo nimesema sikio langu ni zima, na nisiposaini huenda nikakosa pesa na mume kwa pamoja. Nikampigia.

— Meseji ipi ni yako?

— Zote tatu.

— Makubwa!

— Meneja kasema ukidai sikio, na mimi nifungashe virago. Tutakula nini, Msumari?

— Kwa hiyo nisaini?

— Sijui. Wallahi sijui.

Nikakata simu, nikalia.

Kesho yake nikaitwa kwa meneja. Mchumba wangu alikuwa amekaa upande wa meneja, kitambulisho kinaning'inia. Mimi peke yangu upande wa pili, na kiti kitupu kuliani kwangu.

— Binti, saini, wengine wanasubiri nje.

— Bosi, sikio langu la kushoto limeharibikia hapa.

— Nani analijua hilo? Mbona tunaongea na unanisikia?

Nikamtazama Karani. Kainamisha kichwa. Basi, nikaona yameisha. Moyo ukanivunjika, nikashika kalamu na kuinama niandike.

Nikasikia kiti kinaburuzwa. Karani alivua kitambulisho, akakiweka juu ya karatasi, pale pale pa kusaini. Akazunguka meza, akakaa kuliani kwangu.

— Mimi nalijua, meneja. Tangu tuwe wachumba namkalia upande huu. Kwenye basi, mezani kwa mama yake, popote. Nikikaa kushoto, kila ninachosema ananiitikia 'ndiyo'.

Nikaduwaa. Hatukuwahi kulizungumza hilo hata siku moja. Mimi nilidhani ni mazoea yake tu.

— Unajua unachokifanya wewe? meneja akafoka.

— Sijui vizuri, bosi. Ila huyu hasaini.

Tukatoka. 

— Harusi je? nikamuuliza getini.

— Ipo. Itakuwa ndogo, lakini ipo. Kwanza twende kwa wakili wa chama cha wafanyakazi.

— Tukishindwa?

— Tutakuwa tumeshindwa wawili.

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nilikuwa bado sielewi kama tumefanya la maana au tumejimaliza.

Nyumbani, Mama alituangalia mmoja mmoja. Macho yake yakasimama kwenye shingo tupu ya Karani.  Akaenda jikoni, akarudi na kikombe.

— Karibu chai, mkwe.