Vidole vya Linet

Kila asubuhi Mbeyu alikuwa wa kwanza kuingia darasa la ushonaji katika chuo cha ufundi karibu na Msambweni. Alifagia, akapangusa cherehani, kisha akatoa kabatini shati lake la mtihani. Mshonaji bora angepelekwa kwenye duka la sare za hoteli kule Diani, na Mbeyu aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

Ila juma hilo kulikuwa na jambo. Jioni alilikunja shati vizuri, asubuhi akalikuta limekunjwa vingine. Mara ya kwanza alilikunja upya. Mara ya pili alijiambia, "Kuna mtu ananiibia mtindo."

Na mtu huyo ni nani kama si Linet, msichana wa kutoka bara ambaye macho yake yaliona ukungu mtupu? Asiyeona, mishono yake inanyookaje? Tangu hapo, Linet akisogea tu, Mbeyu alilikumbatia shati lake.

Siku moja kabla ya mtihani, Mbeyu alijifanya amekwenda kunywa chai, kumbe amejibanza nyuma ya mlango. Haya! Linet huyo, akapapasa kabatini, akaligeuza shati ndani nje na kupitisha vidole kwenye mishono.

"Leo nimekukamata! Mwizi we!"

Mwalimu Fauzia alikuja mbio. "Kuna nini, jamani?"

"Mwalimu, Linet ananiibia mtindo!"

"Mimi ndiye niliyemruhusu. Ninyi mnajifunza kwa macho, yeye hujifunza kwa vidole. Mashati ya darasa zima ameyashika. Kosa langu ni kutowaambia."

Linet alisema polepole, "Mbeyu, kwapa la kushoto uzi umelegea upande wa ndani. Nimetaka kukwambia tangu Jumanne, lakini kila nikikukaribia unalificha."

"Uongo! Mshono umenyooka, tazameni!"

Mwalimu alishika pande mbili za kwapa, akavuta kidogo tu. Mshono wote ukaachia.

Masikini Mbeyu! Uso ulimwaka kwa aibu. "Nisamehe, Linet. Nimekudhania vibaya."

"Yameisha. Lete wembe tufumue, bado tuna mchana mzima."

Walifumua wakashona upya, Mbeyu akitazama upande wa nje, Linet akipapasa upande wa ndani, hadi mshono ukashika.

"Umeona, Mbeyu?" Mwalimu Fauzia alisema. "Mwenzako akifanya kazi kwa njia yake, muulize kabla ya kumshuku. Juma zima umejilinda dhidi ya mtu aliyetaka kukulinda wewe."