Majagi Kumi na Matatu ya Maji ya Bahari

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Talitha alikuwa na kazi tatu. Alifagia ua. Aliweka beseni chini ya bati ili kukinga maji ya mvua. Kisha alisimama mbele ya sanduku la kioo sebuleni na kupima kwa kidole maji yaliyokuwa yamepungua tangu jana. Nkambo Débora, bibi yake mzaa baba, alisimama nyuma yake na Biblia kwapani, akauliza kama kila siku maji yameshuka kiasi gani. Talitha alijibu, "Kidole kimoja, Nkambo," na bibi akaongeza maji ya mvua hadi kwenye alama.

Ndani ya sanduku hilo aliishi samaki mmoja, mdogo kama kidole gumba cha mtu mzima. Mwili wake ulikuwa wa buluu iliyokolea, kichwa na mgongo wa rangi ya chungwa. Kutwa nzima alizunguka mawe ya matumbawe akiyadonoa ili kula mwani, na mtu akikaribia ghafla alijificha kwenye tundu. Alikuwa samaki wa bahari. Rubani mmoja wa ndege ya mizigo alimleta kutoka pwani, na alipoondoka akamwachia Zébédée, baba yake Talitha, aliyekuwa fundi umeme kwenye Base ya Kamina, kambi ya ndege za jeshi. Rubani alisema huko kwao samaki huyo huitwa malaika mdogo. Nkambo Débora hakulipenda jina hilo. Malaika wa Bwana, alisema, hawalambi mawe kutwa nzima. Yeye alimwita Mgeni.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Zébédée alikuwa amepelekwa upande wa mapigano kutengeneza mitambo, na ulikuwa unakwenda mwezi wa tano bila habari yake. Kabla ya kuondoka alifunga pampu ndogo ya hewa kwenye betri ya lori, akabandika karatasi ukutani, kisha akamshika Talitha mabega na kumwambia kwamba anamwachia Mgeni mikononi mwake. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa binti yake. Talitha alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna kitu alichokiogopa kama siku ambayo angelikuta sanduku lile halina uhai.

Karatasi ya ukutani ilikuwa fupi. Nkambo Débora, ambaye shule yake iliishia darasa la tano, aliisoma polepole kila asubuhi kana kwamba ni zaburi: "Maji yakikauka, ongeza maji matupu, kwa sababu chumvi haikauki, inabaki ndani. Maji yakimwagika, ongeza maji yenye chumvi ya mfuko, kwa sababu chumvi imetoka pamoja na maji. Usichanganye mambo haya mawili." Mfuko wenyewe ulikuwa ndani ya sanduku la nguo la bibi, na ulikuwa umebaki mmoja tu. Haikuwa chumvi ya kupikia. Ilikuwa na madini ya bahari.

Na chumvi ya kupikia, siku hizo, ilikuwa imeadimika Kamina nzima. Treni hazikuja. Sokoni chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai, na familia nyingi zilikula bukari, ugali wa huko, na sombe ya majani ya muhogo bila ladha yoyote. Nkambo Débora alikuwa na kopo dogo alilolifungia kabatini, akalifungua Jumapili tu baada ya ibada.

Darasani Talitha aliketi na Rachelle, msichana aliyekimbia na mama yake kutoka upande wa Malemba-Nkulu. Waliishi katika chumba kimoja nyuma ya kanisa la Wametodisti. Siku moja Talitha alimwambia kuwa nyumbani kwao kuna bahari. Rachelle alimcheka.

"Bahari mu nyumba? Hapa Kamina?" alisema. "Weye unadanganya. Hata sultani hana bahari mu nyumba."

Basi siku hiyo, bibi akiwa kwenye maombi ya wajane, Talitha alimleta. Rachelle alichovya kidole ndani ya sanduku, akakilamba ili kuona kama ni kweli. Kicheko kilikatika palepale. Alikilamba tena, taratibu.

"Mama hawezi kula," alisema mwishowe. "Ana mimba, na chakula bila chumvi kinarudi chote. Iko anakonda tu. Unipe kidogo, tutachemsha nayo sombe."

Talitha alitazama karatasi ukutani, akamtazama na rafiki yake. Alichota jagi moja.

Kesho yake Rachelle alisema mama yake amekula sahani nzima na hakutapika. Talitha angewezaje kukataa jagi la pili? Akachota, na siku iliyofuata akachota tena. Kila asubuhi bibi alipouliza, alijibu kwamba maji yamekauka vidole vitatu. Mara ya kwanza sauti ilimtetemeka. Mara ya nne haikutetemeka tena, na hilo lilimtisha zaidi. Nkambo Débora aliamini, akachota maji matupu ya mvua na kujaza.

Haikupita wiki mbili, mambo yakaanza kubadilika ndani ya kioo. Konokono wadogo walioshika ukuta wa kioo walianguka chini, mmoja baada ya mwingine. Matumbawe laini yaliyokuwa yamechanua kama kiganja yalijikunja na kupauka. Kisha Mgeni akaacha kudonoa mawe. Alilala ubavu karibu na tundu lake, matamvua yakipanda na kushuka haraka haraka, rangi ya chungwa imefifia.

Nkambo Débora alimwombea. Hakuona aibu kumwombea samaki. Alisema aliyeumba nyangumi hawezi kumdharau huyu. Akaongeza maji mapya zaidi, akidhani ya zamani yamechafuka. Kila jagi la maji matupu lilipoingia, Talitha aliondoka sebuleni ili asione.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Bibi alitoka uani kushika nguo zilizoanikwa kwenye kamba chini ya paa. Akaligusa shati, akaigusa kanga, akarudi ndani na kuketi mbele ya sanduku la kioo. Aliyatazama maji mpaka Talitha akashindwa kuendelea kuchambua maharage.

"Nguo zangu zina siku ya nne kwenye kamba," alisema bibi. "Bado mbichi. Hata moshi wa jiko haukaushi kitu wiki hii. Lakini maji haya yanakauka vidole vitatu kila siku. Niambie, mwanangu, ni jua gani linawaka ndani ya nyumba yangu?"

Talitha alifungua mdomo. Uongo mwingine ulikuwa tayari pale, mwepesi, wa kusema betri inachemsha maji. Akamwona Mgeni amelala ubavu.

"Nimeyachota minyi mwenyewe, Nkambo," alisema, na machozi yakamtoka. Akaeleza yote: Rachelle, mama yake, sombe.

Nkambo Débora hakumpiga, wala hakupandisha sauti. Alitazama mkono wake wa kulia kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine. Kisha akainuka, akautoa mfuko kwenye sanduku la nguo.

"Umechota majagi mangapi?"

Talitha alitaka kusema matano. Matano yalisikika kama kosa dogo.

"Usiniambie idadi ya kunifurahisha," bibi alisema. "Baba yako ameandika kwenye mfuko, jagi moja ni vijiko vikubwa vitatu vya chumvi hii. Ukipunguza jagi, chumvi itapungua, na Mgeni atakufa. Ukizidisha, atakufa pia. Hesabu tangu siku ya kwanza."

Talitha alihesabu kwa vidole, siku moja moja, akikumbuka nguo aliyokuwa amevaa na chakula ambacho Rachelle alikuja kukiombea maji. Kuna siku mbili alichota mara mbili. "Kumi na matatu," alisema.

"Una hakika mbele za Mungu?"

"Kumi na matatu, Nkambo."

Waliyeyusha chumvi katika maji ya mvua, wakatoa maji kidogo na kuingiza yale mapya kwa kikombe cha chai, polepole, kikombe baada ya kikombe, kwa siku tatu, ili samaki asishtuke. Siku ya pili Mgeni alikuwa bado amelala. Talitha hakwenda kucheza wala hakula vizuri. Siku ya nne, aliporudi kutoka shuleni, alimkuta amesimama wima mbele ya jiwe. Alilidonoa mara moja, akapumzika, akalidonoa tena. Matumbawe laini hayakufufuka. Yalioza na ikabidi yatupwe pamoja na konokono. Na mfuko ulibaki na chumvi isiyojaza hata kiganja.

Jioni hiyo Nkambo Débora alifungua kabati ingawa haikuwa Jumapili. Alimimina nusu ya kopo kwenye karatasi, akaikunja, akamchukua Talitha hadi nyuma ya kanisa. Mama Nathalie, mama yake Rachelle, aliketi mlangoni, tumbo kubwa, mikono myembamba.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha," alisema bibi. "Nyumba yangu imekulisha maji ambayo samaki anaoga na kujisaidia. Nashukuru Mungu mliyachemsha."

Mama Nathalie aliinamisha kichwa kwa aibu, kisha akacheka kidogo, kicheko cha kwanza ambacho Talitha alikisikia kwake. Alisema alikuwa akishangaa kwa nini sombe ya Kamina ina harufu ya mto. Alipokea karatasi kwa mikono miwili, macho yamelowa. Rachelle alisimama nyuma yake akitazama chini.

Njiani kurudi barabara ilikuwa tupu. Askari wawili walipita wakivuta baiskeli iliyobeba mkaa. Walipokuwa wamekwenda mbali, Nkambo Débora akasema.

"Kumhurumia mama yule hukukosea. Ungeniambia siku ya kwanza, ningempa hii chumvi siku ya kwanza, na Mgeni asingeugua. Kosa lako ni kwamba ulinifanya nimdhuru bila kujua. Kila asubuhi nilimimina maji nikidhani namponya. Uongo ulikuwa wako, lakini mkono uliomimina ulikuwa wangu."

Talitha aliendelea kutembea kando yake.

"Unajua, huwezi kumdanganya Mungu," bibi aliendelea. "Yeye anaona hadi chini ya jagi. Mimi unaweza kunidanganya, kwa sababu sioni ila unachonionyesha. Kwa hiyo usifikiri ukweli ni wa kanisani tu. Sisi tusioona, njo sisi tunaouhitaji zaidi. Mtu anayekuamini hutenda kufuatana na neno lako. Ukimpa neno la uongo, hata wema wake unageuka sumu."

Kesho yake asubuhi Talitha alipima maji kwa kidole. "Yameshuka kidole kimoja na nusu," alisema bila kuulizwa. "Kidole kimoja kimekauka. Hiyo nusu nimeimwaga minyi, nilipokuwa nasafisha kioo."

Nkambo Débora akaenda kuleta kijiko na mfuko wa chumvi.