Viatu Vilivyoonekana kwa Chini

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Tangu alfajiri manyunyu yalidondoka kama mtu asiyejua alie au anyamaze, na barabara ya sokoni ilikuwa utelezi mtupu.

Binti wa dobi alikuwa akisukuma baiskeli, amevaa gauni la bluu lililonyooka, nguo za wateja zimefunikwa nailoni nyuma yake. Mara mkokoteni wa vitunguu ukampita. Kijana aliyeukimbilia, ameinama kama anayetafuta sindano, akagonga gurudumu la baiskeli.

"Samahani, dada! Nayafuata macho yangu."

"Macho yako yako kwenye vitunguu? Ndiyo maana huoni njia!"

Kijana akamwonyesha kikamera cha bei rahisi, kidogo kama kiberiti, kilichofungwa kwa mpira kwenye mkokoteni. Alikuwa fundi simu, na mtaani walimwita Jicho, kwa kuwa hakikupita kitu kinachotembea asikifunge kamera: feni, bembea, hata mbuzi.

"Mbuzi alikuletea nini?"

"Saa mbili za majani."

Binti alicheka hadi mzigo ukaegemea upande.

Wiki iliyofuata, kwa ridhaa yake, kikamera kilifungwa kwenye uma wa mbele wa baiskeli yake, karibu kabisa na ardhi. Jicho alitaka kuona mji unavyozunguka pamoja na gurudumu. Kila jioni alikuja kuchukua picha, na kila jioni alichelewa kuondoka. Mchana alipiga simu.

"Uko wapi, malaika?"

"Nipo na pasi."

"Iambie isikuunguze, una mwenyewe."

"Imesema anayeunguza ni wewe."

Lakini binti alikuwa na siri. Wazazi wake walitengana miaka saba iliyopita, na mama, ambaye ndiye dobi, alishasema, "Jina la mtu yule lisivuke mlango huu." Basi binti alichanganya mashati ya baba na nguo za wateja, na kila Alhamisi alipita nyuma ya kiwanda cha mbao kumpelekea shati safi. Hakumwambia mtu. Hata Jicho hakumwambia.

Baada ya Alhamisi ya tatu, Jicho alikuja akafungua kamera yake, akasema ana kazi nyingi, akaenda. Simu zake zikakatika kama bomba lililofungwa.

Siku kumi na moja! Binti alipiga pasi huku simu ikiwa pembeni. Ikilia, moyo unaruka, kumbe ni mteja anaulizia suruali. Akipita kwenye duka la simu, anaona mgongo wa Jicho umeinamia simu ya mtu mwingine, na hamu inampanda. Asubuhi akipiga magoti alisema, "Mola wangu, kama nimemkosea, nionyeshe kosa. Kama hanitaki, basi niondolee hamu hii, maana mimi imenishinda."

Siku ya kumi na mbili aliingia dukani.

"Nimekukosea nini?"

 Jicho akamgeuzia kioo cha simu. Gurudumu, changarawe, kisha ndala za binti zikisogelea viatu vya kiume vya kahawia, vimeng'arishwa. Visigino vya binti vikanyanyuka, kama vya mtu anayekumbatia.

"Alhamisi tatu," Jicho alisema. "Viatu vilevile."

Binti alicheka, kisha kicheko kikageuka machozi. "Huyo ni baba yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

 Binti akajifuta. "Nimechoka kuficha. Leo namwambia mama. Akinifukuza je?"

"Hutakwenda peke yako."

Walimpitia baba. Mzee alikubali kufika mlangoni kwa mama tu, akasimama pale kofia mkononi. Ndani, wateja wawili walikuwa wakisubiri nguo. Binti akakiri yote kwa mkupuo mmoja. Mama alisimama, pasi imetulia juu ya shati la mteja.

"Mama, utaunguza hilo!" mteja akapiga kelele.

Mama akainyanyua taratibu. "Shati la baba yako kola imelika upande wa kushoto. Kifungo cha tatu nilikishona mimi. Mwanangu, unadhani napiga pasi nimefumba macho? Nilijua tangu shati la kwanza. Nilingoja uniambie." Akatazama mlangoni. "Na wewe ingia, unaziba mwanga."

Baba akaingia.

"Haya, wewe fundi," mama alimgeukia Jicho. "Umemliza mwanangu siku kumi na mbili kwa sababu ya viatu vya baba yake. Unasemaje?"

Jicho alivua kofia. Akamtazama binti, si mama, na sauti yake ikasikika hadi barabarani.

"Mbele ya wazazi wako na mbele ya wateja hawa: kila shaka nitakayokuwa nayo, wewe ndiye nitakayemuuliza kwanza. Na Jumamosi naleta wazee wangu hapa."