Ree Tatu za Eliakunda

Vidole sita vya Subira viligawa karata kwa ustadi, zisipeperuke hata katika mvuto hafifu wa Mwezini. Subira ilikuwa mashinefikra ya kucheza poka, na Kampuni ya uchimbaji iliipa kazi moja tu: kushinda kiti. Chombo cha kurudi duniani kilifika kila baada ya miaka miwili, kikiwa na nafasi ya mtu mmoja. Wachimbaji walikuwa na desturi ya kuigombea kwa karata, maana kura waliiona mchezo wa wavivu. Kampuni ikaomba nayo icheze. Mashine ikishinda, kiti king'olewe, papakiwe madini. Wachimbaji wakatia saini wenyewe huku wakicheka. Nani aogope bati?

Mhandisi Nakiete Mbwambo, aliyeiunda, alisimama nyuma ya kioo. Mezani alibaki mdogo wake, Eliakunda. Daktari alikwisha sema: akikaa miaka miwili zaidi, mifupa yake haitambeba tena duniani. Na huko Same alikuwa na binti ambaye hajawahi kumpakata. Nakiete hakuruhusiwa kutamka neno. Ndugu akisema, mchezaji wake ameshindwa.

Skrini waliyowekewa ndugu wa wachezaji ilimwonyesha karata mbili za Eliakunda: ree na ree. Mezani zikafunuliwa tatu za wote: ree ya kopa, nane ya kopa, tatu ya shupaza. Ree tatu! Nakiete alisogelea kioo. Weka dau, aliomba kimoyomoyo, weka kubwa sasa hivi. Kopa mbili zilikuwa wazi. Mwenye kopa nyingine mbili mkononi alihitaji moja tu zitimie tano, zinazoshinda ree tatu, na hakustahili kuletewa bure.

Eliakunda alijikuna shingo. "Napita," alisema kinyonge, asiweke dau lolote.

Ndivyo mama yao alivyowafundisha: ukishika karata kali, jifanye huna, mwenzio ajilete mwenyewe. Kwa ujanja huo Eliakunda aliwanyoa wachimbaji miaka mitatu. Lakini ili kuifunza Subira, Nakiete aliilisha picha za michezo yote ya kituo, za mdogo wake zikiwemo. Hakuona ubaya, kwake zilikuwa data tu. Mashine ilijua shingo ile inakunwa lini.

"Nami napita," ilisema Subira.

Karata ya nne: mbili ya kopa. Nakiete alitaka kupiga kelele, akajiuma ulimi hadi ukauma kweli. Eliakunda aliweka vigae viwili vya dau, Subira ikafuata bila kuongeza. Ya tano ilikuwa tisa ya pau. Eliakunda akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akasukuma vigae vyake vyote.

"Nafuata," ilisema Subira, ikalaza kopa zake mbili.

Mafundi wawili waliinuka na spana zao, wakaelekea chomboni kung'oa kiti. Mlango wa kioo ukafunguliwa.

"Dada, nimekosea wapi?" aliuliza Eliakunda. "Nimecheza kama mama."

"Hujakosea, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyeifundisha kukujua."

Eliakunda alizikusanya ree zake tatu, akazipanga vizuri, akaziweka mezani.

"Basi mtoto utamwambia wewe," alisema. "Mimi sitaweza."