Sauti Nyuma ya Mlango wa Dereva

Mama Vifungo alikuwa hajamaliza hata kuuliza, jibu likatoka ndani.

"Ngojeni kwanza."

Alibaki amesimama mbele ya chumba cha baba mkwe wake, sahani ya chakula cha mchana mkononi. Alikuwa amesema "Baba" tu. Halafu kikohozi kiko wapi? Mzee yule, dereva mstaafu wa malori ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, hajawahi kumjibu mtu bila kukohoa kwanza, kama gari bovu linalowashwa asubuhi. Leo sauti ilitoka laini, imenyooka.

Nyumba ile ilikuwa na tabia yake. Tangu Dereva afiwe na mkewe, mambo yote yalipitia mlangoni. Ukiwa na shida, ugomvi au salamu, unasimama nje, unasema, unajibiwa. Kitasa hakiguswi, hata na wajukuu. Mwanawe, mchomelea mageti aliyeitwa Cheche, hakuona ajabu yoyote. Mama Vifungo aliiona tangu wiki ya kwanza ya ndoa yake, ila alishachoka kusema.

"Baba, chai ya asubuhi hujaigusa, iko hapa mlangoni imepoa. Na hiki nacho kipoe?"

"Ngojeni kwanza. Jua lipoe."

Chini ya mlango ilipenya harufu ya nguo mbichi iliyounguzwa na pasi. Mshonaji kama yeye haikosei harufu hiyo. Aligeuka kutazama pasi yake barazani, kando ya cherehani. Ilikuwa baridi, waya umening'inia. Kisha akasikia kitu kikikwaruza sakafu huko ndani, kwaru, kwaru, kikapumzika, kikaanza tena.

Alimkuta Cheche uani, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso.

"Baba hayuko sawa."

"Amesemaje?"

"Amesema tungoje."

"Basi tungoje."

Mama Vifungo alimsogelea. Miaka yote hii, akipeleka neno la maana kwa mume wake, linarudishwa kama nguo iliyoshonwa vibaya.

"Jana mchana alipotoka kuoga, kikombe kilimponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Nilikwambia huyu apelekwe hospitali leo leo. Ukasema nini?"

"Nilimuuliza. Akasema ameulalia mkono."

"Ulimuuliza ukimwona, au mlango umefungwa?"

Cheche alikuna kidevu. "Wewe nawe. Tangu lini nikaingia chumbani kwa baba?"

"Mtu mzima anaangusha kikombe mara mbili, haendi chooni, hali chakula, na wewe unangoja ruhusa yake mwenyewe ya kumpeleka. Hivi hukasiriki?"

"Mke wangu, usipige kelele. Atasikia."

Alimfuata hata hivyo, kwa shingo upande, wakasimama wote wawili pale mlangoni. Harufu ilikuwa imezidi.

"Baba," Cheche alisema kwa adabu, "tunaomba tukupeleke hospitali."

"Ngojeni kwanza, mwanangu. Nimelala vizuri. Jua lipoe."

"Umesikia?" Cheche alinong'ona.

"Nimesikia. Na huko chini kinachokwaruza ni nini, kama amelala vizuri?"

Alikishika kitasa. Kilikuwa cha moto, moto wa kitu kilichokuwa kimeshikwa na mkono mwingine upande wa pili, na alipokizungusha kikamzungushia kinyume, na sauti ikaanza kusema ngojeni, ngojeni kwanza, ngojeni, kwa upole uleule, bila kuvuta pumzi, huku mumewe akimvuta gauni na kumsihi amheshimu mzee, mpaka akaona haiwezekani, akaupiga mlango bega kama mwizi, na komeo likang'oka pamoja na misumari yake.

Dereva alikuwa sakafuni, amekwama kati ya kitanda na ukuta. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, mate yamekauka shingoni, mkono wa kulia umelala kama si wake. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama, yanatoa machozi. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimechubuka kwa kukwaruza saruji. Na wakati mdomo ule uliopinda haujatikisika hata kidogo, kutoka nyuma ya mlango, pale lilipotundikwa koti lake la zamani la safari, sauti ya Dereva ikasema tena waziwazi ngojeni kwanza, na kifua cha koti kikajaa, kikashuka, kikajaa.

Cheche alikaa chini. "Jini limempiga baba," alisema. "Mpigie mganga. Asiguswe mpaka mganga aje."

"Jini lina kazi yake na kiharusi kina kazi yake. Mshike miguu."

"Nasema mganga kwanza."

Basi Mama Vifungo akampigia, mumewe apate kunyamaza, na simu akaiweka sauti ya juu. Mganga alisikiliza bila kukatiza.

"Mdomo umekwenda upande?"

"Ndiyo."

"Mkono hauinuki, ulimi umefungwa?"

"Ndiyo."

"Na bado mnaongea na mimi? Mpelekeni idara ya dharura sasa hivi. Jini liacheni hapo, halina haraka. Mwenye haraka ni mzee."

Wakambeba. Walipomvusha kizingiti koti lilicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeshiba, na Mama Vifungo hakugeuka. Teksi ya jirani iliwafikisha. Mlangoni mwa dharura hawakupangwa foleni. Muuguzi alimtazama mzee uso tu, akaita machela.

Daktari alikuwa mwanamke wa haraka, na swali lake la kwanza lilikuwa moja tu.

"Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa lini? Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Inasaidia mapema. Ikichelewa, inaweza kuua."

"Leo asubuhi," Cheche alijibu upesi. "Aliniitikia salamu."

Mama Vifungo aliushika mkono wa kushoto wa mkwe wake. Akamwinamia.

"Baba, nibane kidole kama ndiyo. Ni wewe uliyeitikia leo asubuhi?"

Kidole hakikubanwa.

"Jana, uliposema umeulalia mkono?"

Hakikubanwa.

"Jana mchana, kikombe kilipoanguka, nikakwambia pole?"

Mzee akakibana, kwa nguvu zote zilizobaki, asikiachie.

Daktari alishusha pumzi. "Ile dawa hatuwezi tena. Tutafanya mengine, na mengine yapo. Lakini mkono na maneno, siwaahidi."

Machela ilisukumwa ndani. Cheche alibaki ukutani na mikono yake yenye masizi. Mama Vifungo alikuwa amejiandaa kumwambia yote, ya jana na ya miaka, alikuwa nayo tayari mdomoni.

"Lakini jana usiku niliongea naye," Cheche alisema. "Mlangoni pale. Tulikaa sana. Aliniambia mimi ni mtoto mwema, hajawahi kuniambia hivyo maisha yake yote. Nikamwambia siri zangu zote." Alimtazama mkewe kama mtu aliyepotea. "Nikamwomba aniombee."

"Akasemaje?"

"Alikubali," Cheche alisema. "Akaniuliza majina ya watoto wetu."